Jiwe Lisilo la Hapa

Verna Rumbolt,
Kittle Cove,
Newfoundland.

22 Oktoba, 2023.

Mpendwa mdogo wangu Selby,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Ndivyo mama alivyotulea. Hujambo? Kifua kimepona? Shangazi Effie ameniambia kwamba ulikohoa kwenye simu mpaka chai yake ikapoa, na wewe ukamwambia ni vumbi la kazini tu. Vumbi halimkohozi mtu mwezi mzima. Nenda kwa daktari. Tammy naye hajambo? Mtoto ameanza shule vizuri? Mwambie shangazi yake amemfumia soksi za sufu, zitakuja na feri, kama feri itakuja.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Magoti yangu yanatabiri hali ya hewa kabla ya redio, na hayajakosea bado. Baba anakula, analala, anagombana na jiko la kuni, na kikohozi chake cha kila majira ya baridi hakijaanza. Viazi mwaka huu vilitoka vinono. Kabichi zililiwa na konokono, nami sitaki kuzungumza juu ya konokono.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu iko jikoni na kiti cha baba kiko chini ya simu. Kila nikikupigia, yeye hujifanya amelala, kumbe masikio yake yako macho. Tena kwenye simu ningepiga kelele, nawe ungesema, "Verna, tulia," nami sitaki kuambiwa nitulie na mtu aliyeko Alberta.

Habari ya kura unaijua, ila unaijua juu juu, kwa hiyo naanza mwanzo. Serikali haimhamishi mtu kwa nguvu. Kijiji chenyewe ndicho kinachoomba, na robo tatu yetu tukikubali, kila nyumba inapewa fedha za kuanzia maisha kwingine, kisha feri inakoma, umeme unazimwa, na Kittle Cove inaachiwa shakwe. Shule ilishafungwa zamani. Muuguzi huja siku ambazo bahari imemruhusu, na ukitaka kuugua inabidi uangalie mawimbi kwanza.

Msimamo wangu nilikwambia tangu mwanzo. Nilirudi hapa mama alipougua, nikasema ni kwa majira mamoja tu ya baridi. Nikamwachia mwenzangu saluni yetu ya Corner Brook. Mama akafariki, baba akabaki na jiko lake, na mimi nikabaki na baba. Kule Corner Brook nimeshapata nyumba ya chini, haina ngazi, ina vyumba viwili, kimoja cha baba, na hospitali iko ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nangojea kura tu. Nilitaka kuhama, Selby. Liweke hilo kichwani unaposoma haya mengine.

Baba hakutaka kabisa. Na wewe, kwa hisani yako, ukampigia ukamwambia, "Baba, usikubali mtu akutoe kwako." Maneno matamu sana, yanatoka kwa mtu mwenye hospitali mtaani kwake. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo, lakini lako wewe lipo siku zote, na mimi ndiye ninayelibeba.

Sasa sikiliza habari ya jiwe. Unalikumbuka lile jiwe jeusi la mlangoni, refu kama mkate, lililokuwa likizuia mlango wa nyuma usipigwe na upepo? Wewe ulilikalia miaka yote ya utoto wako ukivaa gambuti. Unamkumbuka na yule mdudu aliyelala mgongoni mwa jiwe, mkubwa kuliko kiganja, mwenye pembe mbili ndefu za mashavuni na pingili nyingi kuelekea mkiani. Jina lake ni trilobiti, mdudu wa kale aliyegeuka jiwe. Mama alikuwa akimwita Mgeni, akimfagilia vumbi kila Jumamosi kama anamwosha mtoto uso.

Masika yaliyopita baba alisikia redioni kwamba kuna pwani fulani ya kisiwa hiki inalindwa kwa sababu ya mawe yake, na watu wanatoka nchi za mbali kuja kuyatazama. Siku hiyo hakugombana na jiko hata mara moja. Kesho yake akaniomba nimpigie jiwe picha. Nikapiga. Nilidhani mzee anataka kumbukumbu ya mama, nikajisikia vibaya hata nikampikia pudini. Kumbe picha ile aliiweka kwenye bahasha, akaipeleka mwenyewe kwenye feri, na kule chuo kikuu cha St. John's akawaandikia kwamba mdudu huyu ametoka kwenye jabali letu, pale chini ya Rasi.

Nilijua siku mtaalamu alipopiga simu kusema anakuja.

Jina lake Dakta Noreen Coady. Mwanamke wa makamo, mtoto wa St. John's hasa, amevaa gambuti mpya ambazo Cyril, yule jirani yetu asiyeweza kufunga mdomo, alizitazama kwa huruma. Jikoni kwetu palijaa. Walikuja wote, kwa sababu baba alikuwa ameshawatangazia kwamba jiwe ndilo litakalotuokoa. Nikakaanga maandazi ya unga wa mkate, nikaweka molasi mezani na chai na kopo la maziwa, na kila mtu akala kana kwamba kura imeshashindwa na bahari imeshajaa samaki.

Noreen alilichukua jiwe mapajani mwake, akalitazama kwa lenzi muda mrefu. Uso wake ulibadilika. Akauliza, "Mzee Hubert, una hakika limetoka hapa?"

"Binti, mimi nimezaliwa hapa," baba akasema. Hilo halikuwa jibu, lakini alilisema kwa sauti ya jibu.

Basi Noreen akatueleza, na nitakueleza wewe kama alivyotueleza, kwa sababu lazima ulielewe ndipo uelewe ujinga wote uliofuata. Wadudu hawa waliishi chini ya bahari zamani sana, kabla hata ya mti wa kwanza kuota nchi kavu. Jamii za huyu zilikaa maji ya pembezoni mwa nchi. Bahari kuu hawakuiweza. Kwa hiyo kila pwani ilikuwa na wadudu wake, kama sisi na lafudhi zetu: mtu akisema maneno matatu tu unajua ametoka ghuba ipi na mama yake alikuwa wa kanisa gani. Wataalamu huokota mdudu, wakamtazama mashavu na mkia, wakajua jiwe lile zamani lilikuwa jirani wa nani.

Akachukua birika akaliweka karibu na jiko. "Hapa ndipo ilipokuwa pwani yenu hii, karibu na ikweta, maji ya vuguvugu." Akachukua kopo la maziwa akalipeleka mwisho wa meza, kwenye mlango unaovuja baridi. "Na huku ndiko ilikokuwa Conception Bay na St. John's na upande wote wa mashariki. Kusini kabisa, jirani na Afrika, maji ya baridi. Katikati hapa ni bahari, na ilikuwa pana."

"Ngoja kwanza," Cyril akasema na andazi mdomoni. "Yaani sisi tulikuwa tunaota jua, na watu wa St. John's wanaganda?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi haki ipo duniani. Ila jua letu kalichukua nani?"

Noreen alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akashika birika kwa mkono mmoja na kopo kwa mkono wa pili, akavisogeza polepole mpaka vikagongana na sahani ya maandazi ikabanwa katikati. "Bahari ikafunga. Kisiwa hiki chetu ni pwani mbili zilizobanana, na katikati ni makombo ya sakafu ya bahari."

"Na mdudu wangu?" baba akauliza.

"Mdudu wako ni wa kopo la maziwa, mzee. Ndugu zake wako Wales, wako Bohemia, wako Moroko. Upande huu wa birika sijawahi kumwona."

"Sasa umemwona."

Noreen akalirudia jiwe kwa lenzi. "Kama kweli ametoka kwenye jabali lenu," akasema, "itabidi ramani zichorwe upya."

Selby, ungesikia jikoni kwetu! Myrtle, mke wa Cyril, alipiga makofi. Mtu akagonga meza. Baba akasimama, yeye ambaye kwa kawaida husimama kwa awamu mbili, akasema, "Nani atazima taa za kijiji kilichohamisha bahari?" Nami nilikuwa nimesimama pale na kijiko cha kugeuzia maandazi, naona nyumba yangu ya chini isiyo na ngazi ikiondoka zake.

Ndipo Noreen akaligeuza jiwe. Akapitisha kidole. Karibu na kichwa na karibu na mkia wa lile jiwe kuna mikanda miwili laini iliyolika kuzunguka jiwe lote. Akauliza, "Haya makovu ni ya nini?"

Ungefikiri tumeulizwa nani kaiba sadaka ya kanisa.

Wewe ungejua ukiwa usingizini. Hakuna mtu aliyezaliwa pwani hii asiyeijua nanga ya jiwe: jiwe refu, vijiti vinne vya mti mbichi vinavyolibana kama vidole na kufungwa juu, na mikono miwili ya mbao chini ya kukwaruza sakafu ya bahari. Vijiti vikilisugua jiwe miaka na miaka, huacha mikanda ile ile. Wazee wote waliokuwa jikoni wamezifunga nanga za namna hiyo kwa mikono yao. Wote waliijua tangu walipoingia mlangoni. Cyril alikuwa anatazama dari. Myrtle alianza kuhesabu vifundo vya kitambaa cha meza. Hawakuwa wamepanga lolote, nina hakika. Walikubaliana kwa kunyamaza tu, kama watu wa hapa wanavyokubaliana kwa kila jambo kubwa.

"Barafu," baba akasema.

"Barafu hukwaruza upande mmoja, mzee," Noreen akasema kwa upole. "Haivishi mkanda."

"Barafu ya huku ni nyingine."

Hapo nikashindwa. Sikukusudia wema wala ubaya, nilikuwa nimechoka tu. Nimechoka na kuni, na ngazi, na kungojea mawimbi, na watu wazima waliokaa jikoni kwangu wakila maandazi yangu na kusingizia barafu. Nikasema kwa sauti iliyowatoa macho kwenye dari: "Ni nanga! Ni nanga ya babu Azariah, imekuja kwa meli kutoka Conception Bay, na kila mtu hapa anajua!"

Unakumbuka mama alivyokuwa akisimulia. Babu Azariah, baba yake, alikuwa akija na meli yake ya matanga kila kiangazi kuvua pwani yetu, na mama akija naye kusafisha samaki. Kiangazi cha mwisho mama akakataa kurudi, kwa sababu ya kijana mmoja mwembamba aitwaye Hubert Rumbolt. Babu alifoka asubuhi nzima. Mwishowe akaitoa nanga ya jiwe mashuani, akaitupa miguuni pa mama pale gatini, akasema, "Haya, kaa! Na hii ikushike." Akapandisha matanga bila kuaga. Vijiti vilioza, jiwe likabaki mlangoni, na mama naye akabaki.

Baba alichukua kofia yake, akatoka kwenda bandani. Hakunitazama. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja akamshukuru Noreen kwa kuja, na hakuna aliyenishukuru kwa maandazi.

Noreen hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema mdudu ni mzuri ajabu, lakini jiwe lililobebwa na mtu haliwezi kumwambia bahari ilikuwa wapi. Linasema habari za watu tu. Kisha tukashuka naye mpaka chini ya Rasi, akatafuta mwenyewe kwenye jabali letu. Akakuta wadudu wetu wenyewe, wadogo, vichwa vya duara, wengi tu. Nikamuuliza kama wana maana yoyote. Akasema wana maana sana: wako pale pale hasa wanapotakiwa kuwa. Yaani tungekuwa tumekosea mahali, tungekuwa maarufu. Kwa kuwa tuko sawasawa, hatuna faida kwa mtu.

Akiwa gatini aliniomba jambo moja. Akasema jiwe lile tafadhali liandikwe kwamba si la hapa, kwa rangi isiyofutika. Siku moja sote hatutakuwapo, akasema, na mtaalamu mwingine atalikuta kwenye nyasi, naye hatakuwa na jikoni pa kuulizia. Nikamwambia nitamweleza baba, baba akianza kuzungumza na mimi.

Hakuanza kwa siku kadhaa. Na kijiji kikafuata. Dukani Myrtle alinipimia chumvi bila neno. Cyril, ambaye hawezi kunyamaza hata akilipwa, alinikuta pale akaniuliza, "Verna, tiketi ya Corner Brook umeshakata, au unangoja na sisi tukukatie?" Nikamwambia, "We mzee, ulikuwa unatazama dari, ulikuwa unatafuta nini kule, nanga?" Watu wakacheka, lakini walicheka upande wake.

Kinachonichoma ni hiki. Walipoona jiwe limeshindwa, wale wale walioninunia wakaanza kukata tamaa nyumba kwa nyumba, na kufika mwisho wa Septemba wengi walikuwa wameshaanza kusema wazi kwamba watapiga kura ya kuhama. Cyril aliomba maboksi matupu dukani. Nilikuwa nimewapa sababu ya kufanya kile nilichokitaka mimi, na bado hakuna aliyenisalimia.

Siku moja kabla ya kura, mchana, nilikwenda bandani kumwita baba aje kula. Nilikwenda na maneno yangu yamepangwa mdomoni, yote ya Corner Brook, hospitali na chumba chake. Nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa amekata vijiti vibichi, amevichoma moto kidogo vipindike, na anajaribu kulifunga jiwe peke yake. Vidole vyake haviwezi tena, unajua. Kijiti kimoja akikibana, kingine kinafyatuka. Alifyatukiwa mbele yangu mara mbili, na hakutukana, na hilo lilinitisha.

Nikapiga magoti, magoti yangu haya, nikashika vijiti. Yeye akafunga. Hatukusemezana mpaka fundo la mwisho.

"Mama yako alikuwa na nyumba ya mawe kule kwao," akasema. "Ya mawe, Verna. Na taa barabarani. Mimi nilikuwa na banda hili na mdomo."

"Najua, baba."

"Hujui. Miaka yote nilingoja aseme anataka kurudi. Kila feri ikija naangalia kama amevaa koti zuri." Akalipapasa jiwe. "Nilivyomwambia yule dakta limetoka hapa sikuona kama nadanganya. Nikaona limekaa hapa vya kutosha."

Akaligeuza upande wa chini, ule usio na mdudu. Kumbe Noreen alikuwa amemwomba na yeye mwenyewe kabla ya kuondoka, na mzee alikuwa ameshaandika. Kwa rangi nyeupe ya mashua, kwa mwandiko wake ule wa kulala kama nyasi za upepo: SI LA HAPA. LILIBAKI.

Nililia, Selby. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa na hotuba nzima mdomoni na haikufaa tena kitu. Baba akadhani vijiti vimenichoma, akanitafutia kitambaa chenye grisi.

Kesho yake tukapiga kura katika jengo la shule ya zamani, kwenye viti vya watoto. Nikashika penseli. Nikaifikiria ile nyumba ya chini, sakafu yake, bomba lake la maji ya moto. Halafu nikaweka alama pa kubaki. Nilishangaa kama vile mkono ni wa mtu mwingine, nikakunja karatasi haraka kabla haujabadili nia.

Matokeo yalisomwa juma lililofuata. Wanaotaka kuhama wamepungukiwa na kura moja. Moja, mdogo wangu. Kijiji kizima kikageuka, kikamtazama baba.

Unajua watu wetu. Hakuna aliyemtukana. Wamemwacha tu. Cyril amerudisha maboksi dukani, anapita dirishani kwetu bila kuinua kidole. Watu wale wale walioninunia mimi kwa kuua tumaini la kubaki sasa wanamnunia baba kwa kuua tumaini la kuondoka! Na mzee yuko kimya, anapokea, anainamisha kichwa akipita. Nikajisemea, basi, angalau amepata alichotaka, atavumilia. Na mimi nitanyamaza, na wenye nyumba ya Corner Brook nikawapigia simu, nikaiacha.

Juzi nikampelekea chai. Akanishika mkono, akasema, "Pole, mwanangu. Nilijaribu."

"Ulijaribu nini?"

"Kukupeleka mjini. Kura za watu zikiwa nyingi hivi, nilidhani yangu itatosha." Akaona sielewi. "Nilipiga ya kuhama, Verna. Mtu akikaa kwa ajili yangu mara moja yatosha. Sikutaka na wewe niwe nakuangalia koti."

Nilisimama na sinia mkononi. Nikamwambia maziwa yameisha, nikarudi jikoni, na kopo lilikuwa limejaa.

Sasa Cyril anakusanya majina ili kura irudiwe wakati ukiruhusu, na baba ameniahidi kwa mkono kifuani kwamba atapiga ile ile tena, kwa ajili yangu. Kila asubuhi najilazimisha kukubali kwamba na mimi nitapiga ya kuhama, tuondoke, yaishe. Kisha nafungua mlango wa nyuma, hauna jiwe, unapigwa na upepo, na najua vizuri nitaweka alama pale pale. Mzee analaumiwa na kijiji kwa kura yangu, na ananiomba radhi mimi kwa kura hiyo hiyo, na nikimwambia ukweli atajua kwamba amepata mtu wa pili wa kumwangalia koti. Nikisema naumiza, nikinyamaza naumiza. Nimekasirika na kila mtu, na wewe ndiye wa karibu kuliko wote kwa sababu uko mbali.

Sitaki ushauri. Ukinipigia simu kuniambia nitulie nitaikata. Nataka uje Krismasi. Baba anataka nanga iwekwe kaburini kwa mama kule kilimani, na njia ni mwinuko, na mimi na yeye hatuiwezi. Tunangoja theluji tuivute kwa sleji. Njoo uvute upande mmoja. Ukifika hapo juu, ukimwona mzee anavyolitazama, labda wewe utajua kama nimwambie.

Nisalimie Tammy na mtoto, na yule rafiki yako Garfield anayekupikia huko kazini. Shangazi Effie anakusalimu, anasema ununue dawa ya kifua. Myrtle pia angekusalimu kama angekuwa anasema nasi. Baba anakusalimu, amesikia kalamu inakwaruza, ameuliza naandika nini, nikamwambia habari za konokono. Mungu akulinde kazini, akushushie theluji ya kiasi njiani, na akulete nyumbani ukiwa na mgongo mzima, maana tunauhitaji.

Wako akupendaye, wa hapa, na amebaki,

Dada yako Verna.